Chai Nisiyoweza Kunywa

Msomaji mpendwa, iwapo wewe ni mshirika wa kanisa lolote la mtaani hapa Nairobi, bila shaka unaijua karatasi ya zamu. Hubandikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi ya kanisa, na ndani yake huandikwa nani atafagia, nani atapanga viti, nani atafundisha watoto na nani atapika chai ya baada ya ibada.

Kwa miaka 11 jina langu lilikuwa kwenye karatasi hiyo. Jumapili ya pili ya kila mwezi ilikuwa yangu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikawasha jiko, nikateleka sufuria kubwa, na ibada ya kwanza ilipomalizika, chai ya tangawizi na mandazi vilikuwa tayari.

Siku moja mwaka wa 2018 nilifika kanisani nikapata jina langu limekatwa. Halikukatwa kwa ubaya. Mtu alikuwa amepiga mstari kwa rula, taratibu, na juu yake akaandika jina la mama mwingine. Nilisimama pale nikiutazama mstari huo. Acha nikwambie ukweli: siku daktari aliponieleza kwamba figo zangu zote mbili zimeshindwa kufanya kazi, sikulia. Mbele ya karatasi ile nililia.

Huenda ukaniona mpumbavu. Mtu anawezaje kulilia sufuria ya chai? Tafadhali nisikilize kwanza, kisha uhukumu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimeishi mitaa ya Eastlands tangu nilipoolewa. Ugonjwa wangu haukuja kwa kishindo. Kwa miaka mingi nilikuwa na shinikizo la damu, nami nikalichukulia kama jambo la kawaida. Nilimeza dawa nilipokumbuka, na nilipojisikia vizuri niliziacha. Kichwa kiliponiuma, nilikimbilia duka la dawa nikanunua tembe za maumivu, leo mbili, kesho mbili.

Mwaka wa 2017 viatu vilianza kunibana. Kufikia jioni miguu ilikuwa imevimba hata nikiibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Nikadhani ni kusimama darasani. Kisha nikaanza kutapika asubuhi, nikakosa hamu ya chakula, na ngazi za shule zikawa mlima. Nilipofika hospitalini, damu ilipimwa mara mbili kwa sababu daktari hakuamini matokeo ya kwanza.

Wengi wetu hatujui figo hufanya kazi gani hadi zikome. Ni viungo viwili vidogo, kila kimoja kikubwa kama ngumi, vilivyo mgongoni chini ya mbavu. Kila siku huchuja maji yapatayo lita 180 kutoka kwenye damu, zikairudishia mwili karibu yote, na kutoa kama lita moja na nusu au mbili kwa njia ya mkojo pamoja na uchafu wote. Zikifa, maji hayo na sumu hiyo hubaki mwilini. Shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari ndivyo visababishi vikubwa, na vyote viwili huharibu kimyakimya. Dawa za maumivu zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu nazo huchangia.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Kila mara ni saa nne. Katika mkono wangu wa kushoto madaktari waliunganisha mshipa wa ateri na mshipa wa vena ili sindano mbili nene ziweze kuingia, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Ukiweka kidole hapo utasikia mtetemo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mkono huo haubebi mzigo, haupimwi shinikizo la damu, wala silali juu yake.

Mashine hiyo nayo ina hadithi yake. Ilitengenezwa na daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, mwaka wa 1943, wakati nchi yake ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Vifaa vilikuwa haba, naye akatumia ngozi bandia za kufungia soseji kuchujia damu. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Hakuacha. Mwaka wa 1945 mwanamke mmoja wa umri wa miaka 67 akapona. Mimi humkumbuka daktari huyo kila ninapofungwa kwenye mashine, kwa sababu alifanya kazi kwa vile alivyokuwa navyo, si kwa vile alivyotamani kuwa navyo.

Lakini mashine haiwezi kufanya kazi yote ya figo. Ndiyo sababu tunapimiwa chakula. Ndizi, parachichi, maembe na nyanya nyingi ni hatari kwetu kwa sababu madini ya potasiamu yakizidi, moyo unaweza kusimama ghafla. Viazi tunaviloweka, tunavichemsha na kumwaga maji yake. Chumvi ni adui.

Kubwa zaidi ni maji. Mimi naruhusiwa nusu lita tu kwa siku, na hapo hesabu ni ya kila kitu: chai, supu, uji, hata maji ya kumezea dawa. Nina chupa ndogo ya plastiki ambayo huijaza asubuhi, na ikiisha, imeisha. Usiku huota ndoto za mto.

Sasa rudi nami kanisani.

Washirika wenzangu walinipenda, na nitawashukuru hadi kufa. Walifanya harambee nyumbani kwetu hadi watu wakakaa kwenye ngazi za jirani. Wakati huo bima ya NHIF ililipia usafishaji mara mbili kwa wiki, na tangu Oktoba 2024 kazi hiyo imechukuliwa na SHA, lakini bima hailipi nauli, hailipi vipimo vyote, wala hailipi karo ya watoto ambao mama yao hawezi tena kufundisha masomo ya ziada. Ndugu zangu wawili walijitolea kunipa figo. Mmoja alipopimwa alipatikana naye ana shinikizo la damu, na damu ya mwingine haikupatana na yangu. Kanisa lilitushika mkono katika hayo yote.

Hata hivyo, polepole niliona jambo likibadilika. Zamani watu walinisalimu, "Mwalimu, habari ya shule?" Sasa waliniinamia na kuninong'oneza, "Mwalimu, unajikaza?" Kila Jumapili jina langu lilisomwa kwenye orodha ya maombi. Nilipoinuka kupanga viti, mtu alininyang'anya kiti. Nilipoingia jikoni, akina mama walinitoa kwa upendo, wakanikalisha kwenye kochi la wageni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nao hawakuniuliza. Nilikuwa nimetoka kuwa mkono mmoja wa kanisa, nikawa kidonda ambacho mikono mingine inakifunga.

Nilipomwendea mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama kumuuliza juu ya zamu yangu, alinishika bega akasema, "Mwalimu, wewe pumzika kwanza. Mungu akikuponya utahudumu. Si unakumbuka mkwewe Petro? Alipona homa ndipo akaamka kuwahudumia."

Alisema kwa nia njema. Nami nilijibu "Sawa, mama," nikaenda nyumbani. Kwa miezi minne sikurudi kanisani. Nilimwambia mume wangu kwamba nimechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa na hasira na Mungu. Nilimuuliza: kama huduma yangu ilikuwa inakupendeza, kwa nini umeniondolea nguvu za kuifanya?

Katika miezi hiyo nilikutana na jambo lililonitisha. Kulikuwa na mama mmoja tuliyesafishwa naye siku moja, kiti chake kikitazamana na changu. Alikuwa mcheshi, na alipenda kuwasimulia wauguzi vituko vya wajukuu wake. Alihudhuria mkutano wa maombi mahali fulani, akaambiwa kwamba amepona, na kwamba kurudi kwenye mashine ni kukosa imani. Alhamisi kiti chake kilikuwa kitupu. Jumatatu vilevile. Wiki iliyofuata muuguzi alikuja kutandika shuka mpya, hakusema neno, nasi hatukuuliza.

Mimi naamini Mungu huponya. Nimesema hivyo na sitarudi nyuma. Lakini siku ile niliketi na Biblia yangu nikaanza kutafuta wagonjwa ambao hawakuponywa, kwa maana hao hawahubiriwi sana.

Nilimpata Trofimo, mwenzake Paulo, ambaye ugonjwa ulimkatizia safari akaachwa mjini Mileto. Nilimpata Timotheo, mchungaji kijana aliyesumbuliwa na tumbo mara kwa mara. Nilimpata Paulo mwenyewe, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na akajibiwa kwamba neema ingemtosha. Nilimpata Yakobo akichechemea baada ya usiku wa kushindana na malaika. Baraka na kilema alivipata siku moja.

Na nilimpata Epafrodito. Huyu alitumwa na Wakristo wa Filipi kumhudumia Paulo kifungoni, akaugua huko huko kazini, karibu afe. Paulo hakumwona mzigo. Aliwaandikia Wafilipi wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu kama yeye. Nilifunga Biblia nikasema moyoni, kumbe mwenyekiti wetu alisoma ukurasa mmoja, na kuna ukurasa mwingine.

Msomaji, usidhani nilitoka hapo nikawa mtumishi hodari. Nilianza kwa makosa.

Baada ya yule mama, kiti kile kilichukuliwa na kijana mmoja wa chuo cha ufundi, aliyekuwa akisomea umeme. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alivaa kofia aliyoivuta hadi machoni na hakusalimu mtu. Mara nyingine alikosa kuja, kisha akaletwa akihema kama mtu aliyetolewa mtoni, mapafu yamejaa maji. Wauguzi walimgombeza. Alinyamaza.

Mimi nikaona nimepata kazi. Nilimhubiria. Saa nne ni muda mrefu wa kumhubiria mtu ambaye amefungwa mipira miwili ya damu na hawezi kukimbia. Nilimsomea, nikamwombea kwa sauti, nikampa vijitabu. Siku moja alivua kofia, akanitazama kwa mara ya kwanza, akaniambia:

"Mwalimu, samahani. Leo usiniombee. Niambie tu wewe huwa unafanya nini kiu ikikushika usiku."

Niliona haya. Kwa wiki sita nilikuwa nikimpa maneno, na mtoto wa watu alikuwa na kiu.

Basi nilimwambia. Nilimwambia kwamba chumvi ndiyo inayoleta kiu, hivyo aache chipsi za kando ya barabara na supu za paketi. Nilimwambia agandishe sehemu ya maji yake yawe vipande vya barafu, kwa sababu kipande kimoja hukaa mdomoni kuliko funda moja la maji. Asukutue mdomo na kutema. Atumie kikombe kidogo, si bilauri. Na kama ni usiku na kiu imekuwa kama moto, anipigie simu, tuongee hadi ipite, kwa kuwa mara nyingi hupita.

Alinipigia usiku uleule, saa tano na dakika ishirini. Tuliongea juu ya kandanda, jambo nisilolijua hata kidogo. Akacheka kunisikia nikiuliza kama mlinda lango naye huruhusiwa kufunga mabao.

Baadaye alinieleza kwamba hakuwa akikosa kusafishwa kwa ukaidi. Hakuwa na nauli, na aliona aibu kusema. Nilichukua daftari la shule nikaandika majina yetu sote wa zamu ya Jumatatu na Alhamisi, mahali kila mmoja anapotoka na matatu anazopanda. Tukakubaliana kwamba mtu asipoonekana kufikia saa mbili asubuhi, mwenzake wa karibu ampigie simu. Anayekwama nauli, tumchangie. Shilingi 50 hapa, 100 pale. Sisi wenyewe, wagonjwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu hakuwa ameniondolea huduma. Alikuwa ameihamisha. Hakuna mzima angeweza kumfundisha kijana yule kuzima kiu, hata angekuwa askofu. Ilihitaji mtu mwenye kiu.

Hata hivyo, chai yangu sikuisahau.

Nilirudi kanisani, na safari hii sikumwambia mwenyekiti "Sawa, mama." Nilimwomba aje nyumbani. Nilimwonyesha ile chupa yangu ya nusu lita, nikamwekea kidole chake juu ya mkono wangu asikie mtetemo. Nikamwambia, "Mama, mimi sitapona kesho. Huenda nisipone kabisa hapa duniani. Mkingoja nipone ndipo nihudumu, mtakuwa mmenizika nikiwa hai. Niulizeni ninachoweza, msinikisie."

Alikaa kimya kwa muda, kisha akatoa leso. Akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani tunakusaidia." Nikamwambia, "Mlinisaidia. Sasa nisaidieni na hili."

Tulipatana. Sibebi sufuria, sikai karibu na moshi. Kijana mmoja wa kanisa huwasha jiko na kubeba. Mimi huketi kwenye kiti kirefu mbele ya meza, nikachota chai kwa mkono wa kulia na kumpa kila mtu kikombe chake. Wakati huo hupata nafasi ya kumtazama kila mtu machoni. Nikitazama hivyo, hujua nani amefiwa, nani hajalipwa, na binti yupi amelia usiku.

Jumapili, kwa ratiba yangu, ndiyo siku mbaya. Tangu Alhamisi hadi Jumatatu maji yamekusanyika. Mwili ni mzito, miguu imejaa, pumzi ni fupi. Na mbele yangu kuna lita 40 za chai yenye tangawizi na maziwa, ikitoa mvuke. Jumapili ya kwanza mkono ulitetemeka. Nilitamani kujimiminia kikombe kimoja tu, nikinywe chote kama zamani.

Kisha mtoto mmoja wa shule ya Jumapili akaniuliza, "Mwalimu, na wewe mbona hunywi?" Nikamwambia, "Yangu huinywea machoni." Alinitazama kama mwendawazimu, akachukua andazi lake, akaenda. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Ninapomwona mzee amebana kikombe kwa mikono miwili na kufumba macho kwa funda la kwanza, kuna kitu ndani yangu hutulia. Si maji, na wala sikudanganyi kwamba kiu huisha. Lakini hutulia.

Kuna Jumapili nisizoweza. Zamani ningejilazimisha ili nisionekane dhaifu, na mara moja nilianguka mlangoni na kuwaletea watu taabu zaidi. Nimejifunza kupiga simu Jumamosi jioni na kusema, "Kesho siwezi." Hilo nalo ni huduma, kumpa mwingine nafasi na kukubali uji bila kununa. Binti yangu husimama mahali pangu siku hizo, na naambiwa huchota chai kwa ukarimu kuliko mimi.

Yule kijana wa umeme? Yu hai. Alihamia kwao, kwa kuwa baada ya mpango wa serikali ulioanza mwaka wa 2015 hospitali nyingi za kaunti zilipata mashine za kusafisha damu, na sasa hapandi basi la mbali. Hajaokoka kwa namna ambayo ningependa kusimulia kanisani. Lakini huko kwao naye ana daftari, na kuna watu wanaompigia simu usiku.

Msomaji mpendwa, kabla sijaweka kalamu chini, nina maombi matatu.

Kwanza, pimwa shinikizo la damu na sukari, hata kama hujisikii vibaya. Ukipewa dawa, zimeze jinsi ulivyoelezwa. Mimi ningetoa mengi kuirudia miaka niliyoziacha dawa zangu kabatini.

Pili, nyumbani kwako au kanisani kwako kuna mtu mgonjwa, kipofu, au mwenye kutembea kwa magongo. Mchangieni, mwombeeni, mpelekeeni chakula. Kisha muulizeni swali moja: "Ungependa kufanya nini pamoja nasi?" Mgonjwa haulizwi uji, naam, lakini kazi aulizwe.

Tatu, kama mgonjwa huyo ni wewe, usingoje kupona ndipo uanze. Tazama ulicho nacho mkononi leo. Pengine ni simu tu na usingizi usiokuja. Yuko mtu mahali fulani, saa tano na dakika ishirini usiku, ambaye anahitaji hivyo viwili na hana haja na mahubiri yako.

Jumapili ijayo ni ya pili ya mwezi. Jina langu liko kwenye karatasi, limeandikwa kwa wino.